Mabomba ya Desemba

Mji wa Wanasayansi, Novosibirsk
12 Februari 1974

Mjomba Farit, shikamoo.

Huku hatujambo, baridi tu ndiyo imetukalia kooni. Jana kipimo kilisoma thelathini na nane chini ya sifuri, na mama akasema hata kunguru wamenyamaza. Anakusalimu sana, wewe na mkeo Bi Magsuma. Ile soseji ya nyama ya farasi mliyotuma ilifika salama. Mama alipanga kuificha mpaka Sikukuu ya Wanawake, ila mimi nilimaliza nusu yake nimesimama jikoni, koti bado mwilini, nikagombezwa kama mtoto wa miaka sita.

Mdogo wangu Ildus amepata kazi. Sijui kama alikuandikia, maana kwa yule kuandika barua ni adhabu. Yuko Talovsk, kwenye kituo cha umeme, ukumbi wa maboila, zamu ya asubuhi. Mwezi uliopita boila namba mbili lilifungwa mabomba mapya ya mvuke, na mabomba yenyewe yana muhuri wa kiwanda chenu! Basi kila akipita chini yake anawaonyesha wenzake kwa kidole: "Haya ni ya mjomba wangu, yamepita mikononi mwake." Wenzake wameshamchoka, wanamwita Mpwa wa Bomba.

Sasa kazi. Unakumbuka vuli ulipokuja, ukaketi hapa mezani ukatucheka? "Mashine ijue chuma kizuri na kibaya? Mimi imenichukua miaka thelathini kwenye hadubini!" Haya, mashine imejua. Tumeionyesha picha zako mia moja za chuma kizuri na mia moja za kibaya, bila kuiambia kanuni yoyote, kama unavyomwonyesha mtoto paka na mbwa mpaka anazoea mwenyewe. Wasichana wetu wanne wanatandika karatasi ya miraba juu ya kila picha, wanaandika weusi wa kila mraba kwa namba, namba zinatobolewa kwenye kadi, na kadi zinalishwa mashine. Sasa ukiipa picha mpya inasema nzuri au mbaya, na mara tisa kwa kumi inasema kweli. Tasnifu yangu imekaa vizuri, Mjomba, na ni kwa sababu yako.

Kuna kioja kimoja tu. Picha arobaini na moja, zile za mipiko ya Desemba, mashine inang'ang'ania kwamba ni picha moja. Tuliifundisha isijali kipande kimelazwa upande gani, kama ulivyotushauri mwenyewe, na sasa inasema hiki ni chuma kilekile kimezungushwa tu. Lakini kila picha ina namba yake ya mpiko, na kila mpiko ni chuma kingine kilichoyeyushwa na kumiminwa siku nyingine! Labda msichana wenu wa maabara alichanganya negativu, zile filamu zenyewe. Nitumie negativu za Desemba nizitazame.

Mpwa wako,
Ramziya


Krasny Uval, Ural
11 Machi 1974

Ramziya mwanangu, marahaba.

Barua yako niliipata zamani, nilibanwa na shughuli. Bi Magsuma ananisuta kwamba barua za kiwanda najibu siku ileile na za ndugu nazilaza mwezi mzima. Mgongo unamsumbua, lakini mdomo hauna shida. Jirani yetu amejenga bafu la mvuke kwenye bustani yake nje ya mji na limeinama kama mlevi. Tunangoja lianguke yeye akiwa nje. Mpe dada yangu salamu za Sikukuu ya Wanawake, zimechelewa lakini ni za moyoni.

Kuhusu Ildus, mwambie aache kujisifu. Bomba ni bomba. Tena kwa nini kijana mwenye akili akae penye joto na makelele? Aombe chumba cha vipimo, ofisi, ghala, popote. Mwandikie wewe, maana wewe anakusikiliza. Mwandikie wiki hii.

Zile picha arobaini na moja zitoe tu. Zilipigwa harakaharaka mwisho wa mwaka. Una nyingine zaidi ya mia mbili, zinakutosha. Negativu hazipo, tulisafisha kabati.

Mjomba wako,
Farit


Novosibirsk
20 Machi 1974

Mjomba, shikamoo tena.

Mama amepona kikohozi. Nilimsomea barua yako, akavua miwani akaniuliza, "Tangu lini Farit anatupa negativu? Huyu ana tiketi za tramu za ujana wake kwenye kopo la biskuti." Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Jumapili nilizitandika zile picha zote kwenye meza ya jikoni. Nikazizungusha kwa mikono yangu, moja moja. Kwenye kila picha kuna kidoa cheusi chenye umbo la kijiko, na pembeni yake chembe tatu zimebanana. Kijiko kinakaa juu, kinakaa chini, kinakaa ubavuni, lakini ni kilekile. Chuma cha mipiko arobaini na moja hakiwezi kuwa na kijiko kimoja, Mjomba. Hilo wewe ndiye ulinifundisha.

Siwezi kuzitoa. Orodha ya picha ilishaingia kwenye taarifa ya Januari, ina saini ya mkuu wangu Veniamin Osipovich. Na sitaki tena kujua habari za negativu. Nataka kujua chuma chenyewe cha mipiko hiyo kilitazamwa na nani. Ildus ameniandikia, mistari minne tu, kwamba namba kwenye mabomba ya boila lake zinaanza na 73-12. Nijibu hilo tu. 73-12 ni Desemba?

Roho yangu haijatulia.
Ramziya


TELEGRAMU
Krasny Uval, 26 Machi 1974

MAGSUMA ANAUMWA. USIANDIKE. NGOJA BEHEWA LA SABA. FARIT


Krasny Uval
31 Machi 1974
Kwa mkono wa Bi Polina

Mwanangu Ramziya,

Magsuma haumwi. Huyu aliyekuletea barua ni Polina, mhudumu wa behewa la saba, treni ya Sverdlovsk. Mpe chupa ya jamu, hachukui kingine, na hasomi barua za watu. Jibu lako mpe yeye. Kwa posta usiandike tena neno la chuma.

Ndiyo. 73-12 ni Desemba.

Bomba la mvuke likishavutwa kupewa umbo lazima lipikwe mara ya pili, polepole, kwenye tanuru jingine, ili chembe za chuma zitulie. Tanuru hilo liliharibika tarehe 19 Desemba. Mpango wa mwaka ulikuwa unafungwa tarehe 31. Uwanjani kulikuwa na mabomba ya mipiko arobaini na moja, mengine yamepikwa nusu saa, mengine hayakupikwa kabisa. Mkurugenzi akaniita. Hakunifokea, ingekuwa afadhali. Alinimiminia chai kwa mkono wake akasema, "Farit, mabehewa yameshafika, Talovsk wanangoja. Kilichobaki ni picha zako tu." Bila picha kwenye faili, mpiko hautoki kiwandani.

Kuna jambo tunalifanya maabara za viwanda, na hakuna atakayekwambia. Tunaliita kuazima sampuli. Mwisho wa mwaka, kipande kimoja kikipotea au kikivunjika, unaazima kipande kizuri cha mpiko mwingine unakipiga picha kwa namba ya kile kilichokosekana. Kimoja, viwili. Kila mtu ameazima. Mimi niliazima arobaini na moja. Nilikuwa na kipande kimoja kizuri cha Novemba. Nilifunga mlango kwa ufunguo, nikakisugua, nikakitia asidi, nikakipiga. Nikakizungusha kidogo, nikakipiga tena. Kijiko chako nilikiona, nikajiambia, nani duniani atatambua chembe za chuma kwa sura?

Mkataba na taasisi yenu ulitaka picha mia tatu. Ningekupa pungufu mngeuliza kwa nini. Basi nikafunga kila kilichokuwemo kwenye faili, na nilikuwa na fahari kwamba nakusaidia.

Naogopa, Ramziya. Nina miaka hamsini na tisa na neno hilo sijawahi kuliandika. Ichome barua hii.

Farit


Novosibirsk
9 Aprili 1974
Kwa mkono wa Bi Polina

Mjomba,

Mama ni mzima. Salamu nyingine sina.

Barua yako sikuichoma. Nimeishona ndani ya bitana ya koti langu la baridi, na usiniulize kwa nini. Naisoma kichwani hata bila kuitoa. Ulifunga mlango kwa ufunguo! Mara arobaini na moja ulikuwa na nafasi ya kusimama, ukaingoja ya arobaini na mbili ambayo haikuwepo.

Nakuuliza kama mpwa wako, siyo kama mtu wa taasisi: bomba hilo litadumu muda gani? Ildus anapita chini yake kila siku ya kazi. Kichwa chake kiko mita mbili kutoka kwenye hiyo Desemba yako.

Jana niliitwa Idara ya Kwanza, ile ya watu wa usalama. Na kwenu ipo, mlango uliovishwa ngozi ili sauti isitoke. Mtu wa humo anaitwa Gorodilov na ni mpole kupita kiasi. Aliniuliza mama anaendeleaje na kikohozi. Sijui nani alimwambia habari za kikohozi. Halafu akauliza kwa nini mjomba wangu ananitumia telegramu kuhusu behewa la treni. Nikasema tunatumiana jamu. "Jamu ya nini?" Nikasema ya matunda ya msituni. Akaandika, Mjomba! Akachukua kalamu akaandika neno jamu kwenye daftari, taratibu, akafunga daftari, akanitakia siku njema. Nilifika kwenye ngazi nikakaa chini hapohapo, watu wakinipita.

Tangu jana nikisikia hatua ukumbini nanyamaza katikati ya sentensi. Wasichana wa kadi wananicheka, wanadhani nina mchumba. Nijibu kuhusu bomba.

Ramziya


Krasny Uval
27 Aprili 1974
Kwa mkono wa Bi Polina

Mwanangu,

Usingesema huna salamu. Mimi ninazo, kwako na kwa dada yangu. Magsuma ameshona pazia jipya la jikoni, la maua, ananiuliza kama ni zuri nami sikumbuki limekaaje.

Umeuliza muda gani. Nakujibu kama ningemjibu mkaguzi. Mvuke ule una nyuzi mia tano na arobaini. Chuma ambacho hakikupikwa sawasawa hutanuka humo kidogo kidogo, hasa kwenye kona za bomba, na siku moja huchoka. Huenda likakaa miaka kumi. Huenda likapasuka kabla hujafungua bahasha hii. Anayekwambia anajua, anakudanganya. Na mvuke wa namna hiyo hauonekani kwa macho. Mtu hukatwa nao kabla hajasikia kelele zake.

Basi mwondoe Ildus. Mwondoe kwa njia yoyote, mwite nyumbani, mtafutie kazi huko kwenu, halafu tunyamaze. Nakuomba kwa jina la mama yangu aliyekulea mpaka ukaanza shule. Nimebakiza miezi kumi na moja nistaafu. Ukitoa ile orodha, sitarudi, Ramziya, kwa umri huu harudi mtu. Na mkurugenzi atasema hajui lolote, chai aliyonimiminia haina saini.

Lifti ikisimama kwenye ghorofa yetu nachukua koti. Juzi ilikuwa ni mwalimu wa piano wa jirani. Nilimfungulia mlango nikiwa nimeshavaa viatu na koti. Akaniuliza, "Unasafiri?"

Mjomba wako


Novosibirsk
13 Mei 1974
Kwa mkono wa Bi Polina

Mjomba Farit, shikamoo. Nimekusalimu, umeona?

Nilifanya ulivyosema. Nilimpelekea Ildus telegramu kwamba mama anaumwa moyo. Akaja mbio, uso mweupe kama unga, akamkuta mama anakanda unga wa maandazi. Ilibidi nimwambie mama ajilaze. Hajanisamehe mpaka leo, anasema nimemwitia maradhi. Ildus alikaa siku tano, akala mpaka suruali ikambana, akatusimulia vituko vya Talovsk.

Siku ya tatu, tunakunywa chai, nikamuuliza, "Zamu yako kaachiwa nani?" Akasema, "Tosya. Msichana mmoja hivi wa vipimo, alikuwa likizo ya uzazi, mtoto ana miezi minane. Amekubali kunishikia. Namdai... hapana, yeye ananidai, nimemwahidi asali ya mama." Na akacheka.

Mimi ndiye niliyemweka huyo Tosya chini ya lile bomba, Mjomba, kwa telegramu ya maneno manne. Siku tano nimekaa hapa namtazama mdogo wangu akila, na kila saa ya asubuhi namhesabia mwanamke nisiyemjua. Usiku huo huo ningeweza kumwambia Ildus kila kitu. Nilifungua mdomo. Lakini unamjua, angepanda juu ya meza kwenye ukumbi wa boila akapiga kelele, na wangemkamata yeye kwanza kwa kueneza uvumi. Sasa amerudi kazini.

Kwa hiyo sikubali kunyamaza. Nenda Talovsk wewe mwenyewe. Chukua hadubini ndogo, waonyeshe kwa macho yao, useme ulichofanya. Mtu akienda kwa miguu yake husikilizwa tofauti na anayeletwa, hata Gorodilov analijua hilo. Nakungoja mpaka tarehe 1 Juni. Nikipata neno lako nitangoja hata zaidi. Nisipopata, orodha itakwenda na barua iliyo kwenye bitana itakwenda.

Bi Polina amepekuliwa Sverdlovsk, wamemwaga hata sukari yake. Anasema hii ndiyo ya mwisho, na ana haki. Nijibu kwa posta, neno moja linatosha: nakwenda.

Mpwa wako anayekupenda, na hilo ndilo linaloniumiza,
Ramziya


Novosibirsk
2 Juni 1974

Mjomba,

Nilikwenda posta asubuhi na jioni, siku kumi mfululizo. Yule dada wa dirishani sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Leo Jumapili nilimfuata Veniamin Osipovich nyumbani kwake. Alikuwa anapanda nyanya kwenye makopo barazani. Nikamtandikia picha sakafuni, nikamwonyesha kijiko. Halafu nikatoa barua yako.

Alisoma mara mbili. Akasema, "Ramziya Khasanovna, tungeweza kuzitoa tu picha hizi. Watu wengi wangezitoa." Nikasema, "Ndiyo." Akafuta udongo mikononi kwa suruali yake. Kisha akaniomba kalamu akasaini chini ya saini yangu.

Telegramu imekwenda kwa wakaguzi wa maboila wa mkoa leo saa nane mchana. Karatasi zitafuata kesho.

Nakuandikia ujue kutoka kwangu. Mama bado hajui. Ningependa unichukie waziwazi, kwa barua, kuliko ukae kimya hivi.

Ramziya


Krasny Uval
22 Mei 1974
[Juu ya bahasha, kwa penseli, mwandiko wa Ramziya: Nimeipokea 7 Juni. Imefunguliwa na kubandikwa upya.]

Mwanangu Ramziya, marahaba.

Nakwenda.

Nimekata tiketi ya tarehe 27. Nitabeba hadubini ya mkono na karatasi za kusugulia. Kona ya bomba nitaisugua mahali padogo, pa ukubwa wa kisahani cha chai, niitie asidi, nimwite mkuu wa kituo atazame kwa jicho lake. Halafu nitakaa chini niandike mwenyewe, kwa jina langu, kila kitu, na chai ya mkurugenzi ndani yake. Nimemwambia Magsuma. Aliacha birika lichemke mpaka likamwagika. Kisha akachukua pasi akaanza kuninyooshea shati.

Ningoje siku chache, usipeleke kitu. Nikisema mwenyewe watanipunguzia adhabu, hata wewe umesema. Umenipa nafasi ambayo wengine wasingenipa, na sikustahili.

Mwambie dada yangu namkumbuka.
Farit


Novosibirsk
16 Juni 1974
Kwa Gizatullin F., rumande ya mkoa

Mjomba, shikamoo.

Bi Magsuma amenipa anwani. Anasema wanaruhusu barua ya ukurasa mmoja na kwamba itasomwa. Isomwe.

Boila namba mbili lilizimwa tarehe 4. Walikata vipande vitatu kwenye kona. Viwili vina nyufa, na kwenye kimoja ufa umekula theluthi mbili ya unene wa bomba. Ildus aliutia ukucha wake ndani. Anasema aliondoka pale akaenda kutapika nyuma ya ghala. Yeye ni mzima. Tosya ni mzima. Nakuandikia majina yao kwa sababu nataka uyasome.

Barua yako ya tarehe 22 Mei ilinifikia tarehe 7 Juni. Siku kumi na sita, Mjomba! Imefunguliwa, gundi bado inanata. Walikuwa nayo mezani kwao siku zote nilizokuwa nasimama posta. Uliandika nakwenda, neno lile nililokuomba, ukasema ningoje, na mimi sikungoja. Walikuchukua tarehe 5. Sasa wanasheria wanasema umekamatwa, hukuja mwenyewe, na tofauti ni miaka. Ulikuwa njiani kwenda kusema kweli, na mpwa wako akakukabidhi kwao nyuma ya mgongo wako.

Mama amesoma barua yako ya tarehe 22. Tangu siku hiyo hasemi nami. Ananipakulia chakula anakiweka mezani anatoka. Jana nilimwambia kuhusu ufa, akasema neno moja tu, "Alikuwa anakwenda," akafunga mlango.

Sijui nikuombeje msamaha. Sili. Tasnifu nimeifungia kabatini. Niandikie hata tusi.

Ramziya


Rumande ya mkoa
9 Julai 1974

Mwanangu Ramziya, marahaba.

Mimi ni mzima wa mwili. Tuko wanane, mmoja anaimba vizuri. Magsuma ameleta soksi na vitunguu. Mpelelezi anayenihoji ni kijana mstaarabu, anaandika polepole. Nimemweleza yote, na chai. Ya chai hakuandika. Karatasi niliyopewa ni hii moja, basi nafupisha.

Tarehe 27 Mei nilikwenda stesheni kweli. Begi mkononi, hadubini ndani, shati limenyooka. Treni ikaja. Nikaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya behewa, mhudumu akanyoosha mkono achukue tiketi. Nikaushusha mguu. Nilirudi nyumbani nikamwambia Magsuma safari za Talovsk zimesitishwa mpaka Alhamisi kwa ajili ya matengenezo ya njia. Aliniamini, akanipakulia supu, nikala yote.

Alhamisi tarehe 30 nilitoka tena na begi. Stesheni sikufika. Nilikaa kwenye bustani ya kiwanda mpaka mchana, nikarudi, nikasema nimeshapiga simu Talovsk, mambo yameshughulikiwa. Baada ya hapo sikukata tiketi nyingine. Nilijiambia kwamba kwa kuwa nimekuandikia nakwenda, utangoja, na ukingoja wiki mbili utangoja mwezi, na mwezi ukipita utachoka. Hayo ndiyo yalikuwa mahesabu yangu. Uso wa Ildus niliuona kila nilipofumba macho, na bado niliyafanya mahesabu hayo. Waliponijia tarehe 5 nilikuwa kwenye kiti changu, nimekula na kushiba.

Hukunikabidhi nikiwa njiani, mwanangu. Sikuwa njiani. Barua ile ingekufikia kwa wakati, ungeniamini, na leo Ildus na yule mama wa mtoto wangekuwa wanapita chini ya ule ufa.

Msomee mama yako barua hii yote, kwa sauti, usiruke mstari hata mmoja. Kisha kaeni mezani, mle pamoja.

Mjomba wako,
Farit